Dia Si Neno Lako

6 Machi

Kwa Baba Bonge,

Mtoto wako ametumbukiza kiatu chako kizuri kwenye ndoo ya maji ya kunywa sasa hivi tu, kisha akanipigia makofi kana kwamba mimi ndiye niliyefanya maajabu. Basi ujue kwamba ni mzima. Anatembea hatua nne, ya tano anakaa. Mimi pia sijambo, mgongo tu kwa kusimama kutwa nikisuka nywele za watu. Wewe je? Kifua vipi na hilo vumbi la machimbo?

Dereva wa lori la kokoto ameniletea barua yako. Nimeigeuza nyuma kutafuta jina, nikidhani amekosea mlango. "Dia mke wangu mpenzi." Baba Bonge, miaka mitatu ya ndoa, barua zako zote huanza "Wewe, mmeamkaje?" na kuisha kabla chai haijapoa. Leo kurasa mbili, dia sita. Nimehesabu.

Hilo neno nalijua, hata kama shule niliishia njiani. Hapa mtaani linatembea kama mbuzi asiye na kamba. Dada wa duka la dawa humwambia kila mtu, "Samahani dia, imekwisha." Bosi wangu saluni siku zote ananiita "wewe wa kona", akitaka nichelewe kutoka ndipo nakuwa dia. Na yule fundi aliyeniunguzia gauni kwa pasi: "Pole dia." Kwa hiyo nimejifunza, dia husema anayetaka kitu au aliyeharibu kitu. Wewe ni yupi?

Kabla ya yote nijibu hili: Bonge alipozaliwa, ulipompokea mara ya kwanza, ulisema nini?

Mkeo,
Mama Bonge

13 Machi

Dia mke wangu mpenzi,

Ni matumaini yangu makubwa kwamba waraka huu utakukuta ukiwa na afya tele, pamoja na mwanetu kipenzi. Mimi ni mzima, isipokuwa homa ndogo ambayo imekwisha kupita.

Dia, neno hilo lisikutie wasiwasi. Kwa watu wastaarabu ni adabu ya barua, mfano wa kubisha hodi. Kuhusu swali lako, nilisema, "Mbona kafanana na msimamizi wangu wa kazi?" nawe ukanirushia taulo.

Kwa sasa usije huku, dia. Barabara ni mbaya mno.

Wako wa moyoni,
Baba Bonge

20 Machi

Baba Bonge,

Hujambo? Sisi hatujambo. Bonge ameota jino la juu na ananiuma nalo.

Jibu ni sahihi, hata taulo. Kwa hiyo kichwa ni chako. Mkono ndio si wako. Herufi zako nazijua, husukumana kama kuku wanaogombea punje. Hizi zimechanwa nywele na kupakwa mafuta. Huo ni mkono wa mwanamke, tena aliyesoma.

Na nani kasema nakuja? Safari sikuitaja. Mtu hamzuii mgeni ambaye hajabisha, ila kama sebuleni kuna kitu. Unakaa unamsimulia mambo ya siku niliyojifungua, naye anaandika huku akicheka?

Mama wa mtoto wako

17 Aprili

Baba Bonge,

Salamu. Tuko wazima. Lori limepita mara tatu bila barua. Dereva nikimuuliza anasema, "Kazi nyingi, shemeji," na macho yake yanatazama kwingine.

Jana mwenzangu wa mlango wa pili, ambaye mumewe unalala naye chumba kimoja huko, kaja anacheka peke yake. "Mwenzangu, miaka kumi na moja naitwa 'sikiliza', leo nimeitwa dia!" Nikamwambia, "Lakini mumeo si hajui kuandika?" Akasema, "Nani kakwambia mapenzi hayafundishi?"

Akanionyesha. Mwandiko ule ule! Tukaweka barua zetu mezani ubavu kwa ubavu. Nikamwambia, "Kumbe tuna mke mwenza mmoja." Akaacha kucheka.

Nieleze kwa mkono wako mwenyewe. La sivyo usiandike tena.

Mama Bonge

24 Aprili

Wewe, mmeamkaje?

Naandika mwenyewe, kwa kushoto, ndiyo maana maneno yamelewa. Mwanamke hakuna. Anayetuandikia ni mzee wa getini. Zamani alikuwa karani. Anasema barua bila dia ni hati ya mashtaka. Nikimwambia toa, anaongeza.

Jiwe liliniangukia mkono wa kulia mwezi wa pili. Vidole viwili havipo. Mzee nilimkataza asiseme. Mvunja mawe wa mkono mmoja ni wa nini? Nilisema ukijua utaniona mzigo, uende kwenu na mtoto.

Usije. Napona.

Baba Bonge

1 Mei

Baba Bonge,

Hujambo? Sisi wazima, ila mimi macho yamevimba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne sikuweza kuimaliza. Mistari kumi, nimeitazama kuliko kurasa zote za mzee.

Kwanza nakulaumu. Ulidhani niliolewa na vidole? Homa ndogo! Mimi huku nagombana na mwanamke ambaye ni babu wa getini.

Mwenzangu nimemweleza. Kasema, "Haidhuru. Mkono ni wa mzee, mdomo ni wa mume wangu." Barua ameilaza chini ya mto. Basi mwambie mzee asimpunguzie mwenzangu dia hata moja. Mimi anipunguzie zote. Mimi niite "wewe", nitaitika.

Lakini shaka haijanitoka. Unasema vidole viwili. Aliyeweza kuficha mkono miezi miwili atashindwa kuficha bega? Leo dereva nimemshika shati: "Shemeji, ni viwili kweli?" Akainama kukagua tairi ambalo halina shida yoyote.

Kwa hiyo nimeaga saluni. Bosi kaniita dia mara nne, nikajua anataka nibaki. Nguo za Bonge nimeshafunga, yeye mwenyewe kaketi juu ya mfuko. Nilikuwa naandika ili dereva atangulie na barua, lakini amesema mbele kuna nafasi. Sasa anapiga honi, utingo anaita, "Mama Bonge, lori halingoji mtu!" Haya, naja. Barua hii sitampa, nitakuletea mwenyewe, na kabla hujasema "usije" nitakuwa nimeshaiweka kwenye mkono wako wa kulia, nihesabu mwenyewe.