Chuo Kisichokuwa Kwenye Orodha

Jumapili, 5 Oktoba

Nimerudi kanisani, nimeloweka majoho ya kwaya. Sauti ya pili bado tunaburuza. Mwalimu kasema tunaimba kama watu waliochoka. Tumechoka kweli. Nusu yetu tulitoka zamu ya usiku moja kwa moja.

Baada ya ibada, chai. Mama Brayani katoa simu, katuonyesha orodha ya vyuo vikuu bora ya mwaka huu. Chuo cha mwanawe kimepanda. Tukampongeza. Kisha kanigeukia: "Na Tumaini wetu yuko wapi siku hizi?"

Nikataja chuo kikubwa cha hapahapa London, kile ambacho kila mtu anakijua. Kilinitoka mdomoni kama salamu. Wakapiga vigelegele. Mama Espérance akanikumbatia.

Mwanangu hasomi pale. Hajawahi hata kuomba pale.

Jumatatu, 6 Oktoba

Sina raha. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, nimemlisha bibi mmoja uji akaniuliza mara mbili kama naumwa.

Niandike ukweli hapa angalau. Tumaini yuko chuo kidogo, kwenye mji wa vilima huko magharibi. Wanafunzi wote wakikusanyika hawajazi kanisa letu. Hana somo moja. Historia, hesabu, falsafa, mimea, uandishi, vyote kwa pamoja, tena wanakaa mezani wanabishana. Aliponieleza mara ya kwanza nilimuuliza, ukimaliza utaitwa nani? Daktari huitwa daktari. Mwanasheria huitwa mwanasheria. Alicheka. Mimi sikucheka.

Wakati wa mapumziko nimefungua ile orodha. Nimeshuka mpaka chini kabisa. Si kwamba chuo chake ni cha mwisho. Hakipo. Chini kuna maelezo kwa herufi ndogo: vyuo vidogo sana havikupimwa.

Kumbe hakikushindwa. Hakikuingia mashindanoni. Lakini nani atasimama na chai mkononi anisikilize nikieleza hayo?

Jumamosi, 18 Oktoba

Mazoezi. Mama Espérance huimba ubavuni kwangu. Mkongo, mtu wa Bukavu, tunakaa mtaa mmoja hapa Thornton Heath. Nilipofanyiwa upasuaji alinipikia mpaka nikasimama. Leo kanivuta pembeni kwa ajili ya binti yake.

"Dada, Espérance iko anatafuta chuo. Unipatie numero ya Tumaini, amuonyeshe kule kwenye anasomaka."

Nikasema simu ya Tumaini imeharibika. Uongo wa pili kuulinda wa kwanza. Akanipa pole ya simu. Pole! Nimeimba nikitazama viatu vyangu.

Jumatano, 22 Oktoba

Tumaini kapiga. Espérance kampata kupitia vijana wa kanisa.

Aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwa nini Espérance anadhani anasoma London. Basi likapita nje, dirisha likatetemeka. Kisha akabadilisha lugha. Taratibu, akitafuta maneno.

"Mama, unanionea aibu?"

Nikasema hapana, mwanangu. Haraka mno. Akasema sawa. Akasema Espérance ameshajua ukweli, na kwamba yeye Tumaini amemkaribisha, pamoja na mama yake, siku ya wazazi chuoni. Akakata.

Kiswahili chake humwekea bibi yake. Leo kanitolea mimi, kwa swali hilo. Sijala. Baba yake karudi kutoka kazini Hayes, kauliza kuna nini. Nikasema kichwa. Hata yeye nimemdanganya.

Jumapili, 26 Oktoba

Nilitaka kubaki kitandani. Nikaenda.

Mama Brayani ana mpango: Tumaini aje azungumze na vijana, awaeleze alivyoingia chuo kikubwa. Mama Espérance alikuwa anakata keki. Anajua. Niliona machoni kwamba anajua. Akajibu kabla yangu, bila kuinua uso.

"Ule mutoto iko na masomo mingi. Mumuache kwanza."

Kanifunika. Afadhali angenisema mbele ya watu. Mtu niliyemdanganya ndiye aliyenisitiri.

Kwenye kituo cha basi nilisimama ubavuni kwa Mama Espérance. Yeye ndiye aliyesema: "Tutaenda kuona kile chuo. Tutaenda na weye." Haikuwa swali.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimefika nyumbani, miguu inawaka moto. Niandike kabla sijaanza kupamba maneno.

Tumaini alitupokea stesheni, mimi, Mama Espérance na binti yake. Alimwamkia Mama Espérance kwanza. Mimi alinikumbatia kwa mkono mmoja.

Chuo ni jengo la matofali, ngazi zinalia ukikanyaga, rangi inabanduka chooni. Hicho ndicho nilichokiona kwanza, Mungu anisamehe. Nilikuwa bado napima.

Tukaingizwa darasani, wazazi tukakaa ukutani. Wanafunzi kama kumi wamezunguka meza. Walikuwa wanasoma habari za kijiji cha zamani ambacho malisho ya wote yalizungushiwa ua yakagawanywa. Tumaini alisema kwa nguvu kwamba wote waliochukua vipande vile walikuwa wezi. Mwalimu, mama wa makamo mwenye sweta lililofumuka, akamuuliza: na wajane waliopata kipande kwa mara ya kwanza maishani mwao, nao je?

Tumaini akaweka kalamu chini. Wote wakamtazama. Nikakaza mkoba kifuani. Nikasema moyoni, mwanangu anaumbuka mbele ya watu, na nimepanda treni kuja kuona hili.

Akasema, "Nimekosea. Hao sikuwafikiria. Naomba nianze upya."

Na akaanza upya. Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliegemea mbele kusikiliza. Maneno yake ya pili yalikuwa mazito kuliko ya kwanza, hata mimi niliyasikia uzito. Nikatoka kwenda chooni, nikalia chini ya ile rangi inayobanduka. Neno lile, nimekosea, analisema hivi hivi, mbele ya wageni, na hafi. Mimi limenishinda tangu Oktoba.

Uani nikamwambia Tumaini. "Nilikuonea aibu. Nikadanganya. Nisamehe."

Hakuniambia si kitu. Alisema, "Iliniuma, Mama." Tukasimama. Kulikuwa na upepo. Baadaye akanivalisha skafu yake, bila neno.

Mama Espérance alimuuliza mwalimu kuhusu kazi. Yule mama hakumdanganya: wengine hupata haraka, wengine huhangaika. Espérance anataka kuomba nafasi hivyo hivyo. Mimi hofu bado ninayo. Sitajifanya imekwisha.

Jumapili, 9 Novemba

Nimesema. Kwenye chai, nimesimama.

"Niliwadanganya. Tumaini hasomi kule nilikotaja. Yuko chuo kidogo, hata kwenye orodha hakimo." Nikakitaja jina.

Mama Brayani akauliza, "Sasa kwa nini ulitudanganya, dada?" Nikasema niliona aibu. Akaniuliza aibu ya nini. Watu wakatazama vikombe. Mtu akaanza habari za ratiba ya Krismasi.

Sikuona wepesi wowote moyoni. Uso ulinichoma mpaka masikioni. Mama Brayani kaondoka bila kuniaga. Nimeosha vikombe vyote, na Mama Espérance akavifuta.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Baba Tumaini mwanzo hadi mwisho. Alitikisa kichwa. "Mtoto mwenyewe umemwomba msamaha?" Ndiyo. Akawasha jiko.

Alhamisi, 13 Novemba

Siku ya mapumziko. Mvua tangu asubuhi.

Nimempigia Tumaini. Bado hatujawa kama zamani. Majibu mafupi. Baridi? Ipo. Umekula? Nimekula. Nikaishiwa. Ndipo nikamuuliza jambo ambalo, kumbe, sijawahi kumuuliza tangu aanze chuo: wiki hii unasoma nini?

Akauliza kwa nini. Nadhani alifikiri namtega.

Kisha akaanza. Ile mimea kama magamba inayoota juu ya mawe ya makaburi. Si mmea, kasema, ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, mmoja anajenga nyumba, mwingine anapika. Alichanganya Kiingereza na Kiswahili. Sikuelewa nusu. Nikamwambia sijaelewa, rudia. Akarudia, polepole zaidi.

Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda.

"Nakuchosha?" akauliza.

"Endelea," nikasema.