Mwalimu Anakataa Kuniambia Binti Yangu ni wa Ngapi

Mpendwa Mama Moraa, naomba msaada wako kabla sijamfungia mwanangu mizigo, maana kupakia mizigo ndiyo kazi yangu hapa uwanja wa ndege na naweza kuifanya hata nikiwa nasinzia, lakini mizigo ya mtoto huyu mikono yangu inaikataa.

Mimi ni mtu wa Muleba, naishi huku ughaibuni, Irving, na mke wangu Avelina, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na binti yetu Abigail aliye darasa la saba. Darasa la saba ndilo nililoishia mimi, kwa hiyo mwaka huu nimeungojea kwa hofu, nikisema akivuka hapa atakuwa amenipita na mimi nitapumua. Basi mwezi wa tisa shule ikatuita wazazi jioni tuelezwe tutarajie nini, nikavaa suti niliyovaa kwenye harusi yangu, nikaenda na Abigail awe mkalimani wangu kwa sababu Kiingereza changu ni cha kubebea masanduku tu.

Mwalimu wake wa sayansi anaitwa Hollis, mrefu, tai yake ina picha za vyura. Akatukalisha kwenye viti vya watoto, magoti yangu yakagusa kidevu, akasema tutarajie kelele darasani kwake, tutarajie watoto wakosee na kurudia, tutarajie maswali mezani na uchafu jikoni. Nikatazama wazazi wenzangu, wote wanaitikia kwa vichwa kama tuko ibadani. Nikajiuliza huyu mtu ni mzima kweli.

Nikamwambia Abigail, "Muulize wewe ni wa ngapi."

"Baba, hapa hawana mambo ya wa ngapi."

"Wewe muulize."

Akamuuliza, mwalimu akatabasamu, akasema yeye hawapangi watoto kwa namba, ila Abigail anaendelea vizuri na wiki ile amefanya kosa zuri sana. Mama Moraa, kosa zuri! Nikamwambia Abigail, "Mwambie akikuona unazubaa akuchape, mimi baba yako nimeruhusu." Abigail akaniangalia kwa yale macho ya mama yake, akasema, "Hiyo sitafsiri." Akamgeukia mwalimu akamwambia kitu kifupi, mwalimu akanishika mkono akanishukuru sana. Mpaka leo sijui nilishukuriwa kwa lipi.

Sasa nikueleze kwa nini silali. Shuleni kwetu siku ya kufunga muhula wazazi walikuja wakasimama uwanjani, mwalimu mkuu akasoma majina, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila jina makofi, akifika katikati anakunja karatasi anasema, "Waliobaki wanajijua." Mimi nilikuwa mwanafunzi wa waliobaki miaka yote, na baba yangu alikuwa anatembea mbele yangu mpaka nyumbani bila kugeuka. Kwa hiyo mwalimu akitabasamu halafu asitaje namba, mimi sihitaji tafsiri. Najua mtoto wangu yuko wapi.

Nikampigia dada yangu Bertila aliye Houston, pale Gulfton. Akasema hapo kwenye maghorofa yao kuna mzee wa Kikenya, Mwalimu Mogaka, aliyestaafu, anafundisha watoto kila Jumamosi wakiwa kimya kabisa na mwisho anawapanga kuanzia wa kwanza hadi wa mkia. "Niletee huyo mtoto," Bertila akasema, "mnamharibu na Wazungu wenu." Tumekubaliana atakuja kula nasi sikukuu ya Shukrani, na akirudi Houston arudi na Abigail, ahamie huko kabisa, shule na kila kitu. Kitanda ameshatandika. Avelina hagombani na mimi, anacheka tu, na kicheko chake kinaniumiza kuliko ugomvi.

Na vituko vyenyewe vya hilo darasa ni hivi. Mwezi uliopita Abigail aliniuliza kwetu ndizi tulikuwa tunaziivishaje. Nikamweleza habari za shimo, majani, moto kidogo, kufunika, nikajikuta nimesimama katikati ya sebule naonyesha kwa mikono jinsi marehemu mama alivyokuwa anainama kunusa, na Abigail ananiuliza kwa nini zinaiva, kwa nini majani, ukiweka moja iliyoiva zingine zinaambukizwa vipi, nikasema mimi sijui mwanangu, akasema "good", eti hata yeye hajui, tujaribu. Tangu hapo nyumba yangu ni shamba. Kuna ndizi kabatini, ndizi kwenye boksi la viatu, zingine peke yao, zingine na mwenzao aliyeiva. Juzi asubuhi navaa koti la baridi niende kazini, mkono haupiti, nasukuma, ikapasuka ndizi mbivu humo ndani ya mkono wa koti. Mwenzangu Twalibu kazini siku nzima ananinusa, "Mhaya, leo umekuja na kijiji?" Nilikasirika, lakini nikakumbuka sura ya Abigail alipoona ile ndizi, hakujali koti, alipiga kelele kwa furaha kwamba ile ya kwenye koti imewahi kuiva kuliko zote, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini, koti nimelivaa nusu.

Alhamisi, wiki moja kabla ya sikukuu, watoto wataonyesha kazi zao jioni na familia zimealikwa. Nilipomwambia kwamba anahamia kwa shangazi yake hakulia, angelia ningejua la kufanya. Aliniuliza tu, "Baba, nikihama nani atazimalizia ndizi?"

Nisaidie. Nampenda mwanangu na sitaki awe wa waliobaki. Nimpeleke au nimwache?

Baba Abigail, Irving

MAMA MORAA ANAJIBU

Baba Abi, pole na mgongo wa kubebea masanduku, na pole na koti. Nimesoma barua yako jikoni kwangu hapa Cedar Hill nikacheka hadi mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Nimemaliza kucheka. Sasa nikuseme.

Kwanza shukuru Mungu kwamba binti yako alikataa kutafsiri. Hapa mwalimu hamgusi mtoto, na maneno kama yale yangekuletea watu wa serikali mlangoni wenye maswali ambayo Kiingereza cha masanduku hakiyawezi. Na usimfanye tena mkalimani kwenye mkutano unaomhusu yeye mwenyewe. Piga simu shuleni, sema unahitaji mtu wa Kiswahili, watakutafutia. Ni haki yako, wala si kuombaomba.

Pili, hukufichwa kitu. Hata sisi kule Kisii tulipangwa hivyo hivyo, na mimi nilikuwa wa juu, nikapigiwa makofi, na sikuwahi kugeuka kuwatazama wenzangu waliosimama nyuma. Kwa hiyo najua uwanja unaousema. Ila Mwalimu Hollis hana huo uwanja, baba. Hajakunja karatasi katikati, kwa sababu karatasi yenyewe haipo. Alama zipo, tena nyingi, kila zoezi lina alama yake, na shule ina ukurasa kwenye mtandao ambapo mzazi anaziona akiwa amekaa kwenye kochi. Muulize mkalimani akufungulie kwenye simu yako. Halafu ukikutana na mwalimu, muulize, mtoto wangu anaelewa nini vizuri, anakwama wapi, nyumbani tumsaidieje. Hayo atakujibu mpaka uchoke. Hilo "kosa zuri" pia muulize ni lipi. Nadhani utakuta mtoto alijaribu jambo gumu, likamkatalia, akajua kwa nini limekataa.

Tatu, na hapa nataka usome taratibu. Mwalimu alikwambia utarajie kelele, makosa, maswali mezani na uchafu jikoni. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mtoto alipiga kelele, alikuuliza maswali, akasema hajui, akajaribu, na nyumba imejaa ndizi. Mtu amekuahidi mzigo, mzigo umefika wote, hakuna kilichopotea njiani, na wewe uko kaunta unalalamika! Zaidi ya hapo, ulisimama sebuleni ukamwonyesha binti yako jinsi bibi yake alivyoinama kunusa ndizi. Ni lini tena ungemwonyesha? Jumamosi kwa Mwalimu Mogaka, akiwa kimya kabisa?

Sina neno na huyo mzee. Kama Abigail anahitaji mazoezi ya hesabu, Mogaka ana simu na ninyi mna simu, afundishwe Jumamosi akiwa kwenu. Lakini mtoto hahamishwi nyumba ili baba yake apate namba ya kulalia usingizi. Na Avelina usimwache acheke peke yake. Muulize anacheka nini, halafu nyamaza umsikilize.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo mpigie Bertila, umwambie kitanda akitandue. Akianza maneno yake, mwambie Mama Moraa ndiye kasema, anitafute mimi. Mwambie aje mapema, aingie Alhamisi hiyo ya maonyesho, mwende wote. Badilishana zamu na Twalibu, anakudai ndizi sasa. Suti iache, nenda hata na fulana yako ya kazi inayong'aa, ili Abigail akuone tangu mlangoni. Kaa kwenye kile kiti kifupi, magoti yaguse kidevu. Akimaliza kueleza, usiulize amekuwa wa ngapi. Piga makofi, na mtoto wa meza inayofuata mpigie pia, na wa meza ya mwisho mpigie zaidi.

Halafu wakati wa kurudi nyumbani, tembea naye bega kwa bega.

Mama Moraa