Mnandi Ukutani kwa Mzee Kapinga

Jumapili, Mbinga. Ukungu umegoma kuondoka, nimevaa masweta mawili, na ninaandika hapa intaneti kafe nikiwa na rangi kwenye kucha. Sijataka kuitoa.

Jana nilimaliza ukuta.

Ni ukuta wa chumba cha chakula, kwenye hoteli mpya ya Mzee Kapinga kule Mbamba Bay. Mzee ni Mmatengo wa huku kwetu. Aliinuka tangu watu binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, akaamua kujenga ziwani. Alinipa kalenda yenye picha ya tausi. "Nichoree huyu, binti. Wageni wanapenda rangi."

Nilimwomba nichore ndege wa pale pale. Akakubali shingo upande.

Nikashinda ufukweni na penseli. Nikamchagua mnandi, yule ndege mzamia samaki, mweusi mwenye kifua cheupe, akiwa juu ya jiwe ametandaza mabawa yakauke. Nikachora matete, na usipa, dagaa wa ziwani, walioanikwa mchangani. Jiwe nikalichora lilivyo, limechirizikiwa kinyesi cheupe kutoka juu hadi majini.

Mzee alipoona hicho alifoka. "Kinyesi? Mbele ya watu wanaokula? Futa, la sivyo ukuta mzima unapakwa chokaa!"

Niliogopa, sikatai. Lakini mnandi ndivyo anavyoishi, na jiwe safi lingekuwa uongo.

"Nisamehe, Mzee. Sifuti."



Akaenda kumwita mkewe aje anionye. Mama Benja ni Mnyasa, mzaliwa wa Mbaha, kijiji cha ufukweni. Nikamwamkia shikamoo, macho yake tayari yako kwenye picha. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta, mkono mdomoni.

"Baba Benja, njoo uone," akasema. "Kama mawe ya kwetu kabisa. Tulikuwa tunafulia kwenye mawe hayo, na hawa ndege juu yetu." Kisha akaangua kicheko. "Na nguo walikuwa wanatuchafulia hivi hivi!"

Mzee akautazama ukuta, akamtazama mkewe anavyofuta machozi ya kicheko. Akashusha pumzi.

"Basi. Andika jina lako hapo chini. Kubwa, lisomeke."

Miaka yote nimeandika majina ya maduka na saluni za watu. La kwangu sijawahi kuliandika popote. Jana nililiandika taratibu, nikarudi nyuma, nikalisoma kwa sauti.

Najivunia. Acha niseme bila aibu.

Kesho asubuhi natafuta gari la kwenda pori la Liparamba. Nasikia huko kuna hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, na safari hii sisubiri mtu anitume.