Nyanam na Chupa Tunayogawana

Nyalenda, Jumapili, 1974. Mvua nyembamba.

Mvua imeanza alasiri, haina haraka, na ziwa limepotea kabisa. Ukitazama upande ule unaona weupe tu. Nimekaa kibarazani kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamwisha, Nyanam mapajani, na najisikia vizuri mpaka naogopa.

Nyanam ni paka wangu. Ana ugonjwa wa sukari, sawa na mimi.

Wacha watu wacheke, wameshacheka sana. Nilijua pale sisimizi walipoanza kupanga foleni kwenye mchanga anaokojolea, maana hata mimi nilianza hivyo hivyo. Daktari wa mifugo, bwana aliyezoea ng'ombe, alicheka mpaka akaona ule mkojo ukichemka ndani ya dawa ya buluu na kugeuka rangi ya matofali. Akasema basi, adungwe insulini, kidogo tu, asubuhi na jioni. Sasa insulini ya paka utaitoa wapi? Ipo yangu, ile chupa ninayopewa kliniki, ninayoiweka ndani ya kopo kwenye mtungi wa maji isipate joto.

Kidogo kikawa si kidogo. Tuliongeza, mkojo ukipimwa dawa ikabaki nyekundu. Tukaongeza tena. Mwishowe mnyama wa kubebwa kwa mkono mmoja akawa anadungwa dawa nyingi kuliko mimi na unene wangu huu, na bado mgongo wake ni mifupa mitupu. Daktari akaniambia, "Mama, mwili wake unaikataa dawa. Kuna kitu kinaipinga na sijakiona. Ikifika mwisho wa wiki hajabadilika, afadhali tumdunge ile ya kumpumzisha." Kumpumzisha, yaani kumuua.

Chupa nayo ilikuwa inaisha. Nikaanza kujipunja. Yeye kamili, mimi nusu. Nilitembea wiki nzima kama niko chini ya maji, kiu haishi, naona ukungu hata jua likiwaka, na sauti za watu zinanifikia kutoka mbali.

Ujinga? Najua. Lakini tangu mzee wangu afariki, huyu ndiye anayenisubiri mlangoni.

Juzi akaja wifi yangu Akinyi, dada ya marehemu. Ameolewa Sondu, huko kwa maziwa na mboga, samaki anamwona akija kututembelea tu. Hata hajamaliza kuketi, Nyanam akamrukia, akapiga mwayo. Wifi akashika pua.

"Yawa, Nyar Gem! Paka wako ameoza mdomo!" Ananiita hivyo kwa sababu kwetu ni Gem.

"Ni samaki hiyo."

"Samaki gani? Samaki nanusa hapa kila mahali. Hii ni kitu ingine."

Mimi nakaanga samaki nyuma ya nyumba. Nguo zangu zinanuka samaki, godoro linanuka samaki, hata Biblia. Majirani wote wanaanika omena, dagaa wa ziwani. Nani hapa angenusa mdomo wa paka akashtuka? Daktari mwenyewe kazaliwa Dunga, ufukweni kabisa. Tukamfungua mdomo: jino la nyuma limeoza, ufizi umejaa usaha.

Kesho yake daktari akaling'oa, akamdunga dawa ya usaha. Akasema uozo kama huo unaweza kabisa kuufanya mwili uikatae insulini. Nishushe kipimo mpaka nusu, maana mwili ukianza kusikia tena, dawa nyingi itaishusha sukari yake mno na kumwangusha.

Leo hata hiyo nusu imemwangusha.

Tumetoka kanisani tukamkuta amelala ubavu, miguu inatetemeka, macho yako wazi na hayanioni. Nimekoroga sukari kwa maji kidogo, nikampaka kwenye ufizi kwa kidole huku nalia, wifi naye anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti yake ile mbaya. Polepole akalamba. Akainua kichwa. Halafu akaniuma kidole, mshenzi huyu!

Hapo ndipo ikaniingia. Dawa imemkubali! Mwili wake umesikia! Nimebaki sakafuni nacheka na machozi yananitoka, nafurahi kwamba paka wangu alikuwa karibu kufa.

"Nyar Gem," wifi akauliza, "ni furaha hiyo ama ni sukari imekupanda?"

Zote mbili, nadhani.

Wifi alimfuata daktari kwenye mvua. Daktari amesema jioni hii Nyanam asidungwe kabisa, kesho apimwe mkojo kwanza, kisha tuanze upya na kile kidogo cha mwanzo. Nimemshukuru wifi, akaniambia nisimshukuru, nijidunge.

Kwa hiyo nimechemsha sindano, nimevuta kipimo changu chote, sikupunguza hata tone. Nyanam alikuwa ananitazama.

Nataka tuzeeke, sisi wawili.