Nyota Kumi na Tisa Zilizokosekana

Ghorofa ya tatu, nyuma ya kinyozi,
Jumapili, tarehe 16 Agosti, saa kumi jioni.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mkono uliokuwa ukifa ganzi baada ya zamu umepata nafuu. Uliandika kwamba daktari amekwambia upumzike. Umepumzika kweli, au ulimwitikia "ndiyo" kisha ukarudi kwenye pasi zile zile? Nakujua. Sisi huku tu wazima, ila mimi nimechoka. Sina homa wala maumivu. Nimechoka tu, kama shuka iliyofuliwa hadi ukiinua unaona upande wa pili.

Mama hajambo. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda anaanza kutembea na kugombana na watu. Wiki hii amegombana na fundi bomba, na jirani wa chini, na mimi mara mbili. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, nguvu zipo.

Wifi yako amehamishiwa zamu ya mchana, tunaonana zaidi kidogo kuliko mwaka jana. Mwanao mkubwa amefaulu masomo yote isipokuwa jiografia. Anasema haina haja, shangazi yake keshaizunguka dunia kwa niaba ya ukoo mzima.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningeanza, laini ingekatika, nami ningeshukuru imekatika. Mficha uchi hazai, na nimeficha vya kutosha.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu "kompyuta" kwa uvivu. Naandika programu inayotumika katika maabara ya hospitali. Inapokea majibu ya vipimo kutoka kwenye mashine na kumchapia daktari karatasi. Jibu likiwa chini ya kiwango, programu inaweka nyota pembeni yake. Daktari mwenye wagonjwa sitini hana muda wa kusoma kila tarakimu. Macho yake yanatafuta nyota.

Unakumbuka Baba alipokuwa akifyatua matofali? Alikuwa na kalibu moja ya mbao, na matofali yote yalitoka humo. Programu yetu ni hivyo hivyo. Kila aina ya kipimo ina kalibu yake, sisi tunaiita klasi. Klasi ya kipimo cha damu inajua jina la kipimo na kiwango chake cha chini. Mgonjwa akija, programu inafyatua tofali moja kutoka humo, yaani jibu la mgonjwa huyo peke yake. Jibu lisilo na kiwango chake lenyewe hutazama kile kilichoandikwa kwenye klasi.

Kuna lugha za kompyuta ambazo klasi humo haishikiki. Iko kwenye karatasi ya mwandishi tu, programu ikishaanza kazi huwezi kuigusa. Lugha tunayotumia sisi haibagui. Kwake klasi nayo ni kitu kama vitu vingine. Unaipa jina, unaiweka kwenye orodha, unaikabidhi sehemu moja ya programu iipeleke nyingine. Ndivyo nilivyoijenga maabara. Nina orodha ya klasi ishirini na sita. Fomu ikisema "damu", programu inachomoa klasi ya damu na kuikabidhi kwa sehemu inayotengeneza majibu. Kikiletwa kipimo kipya, naongeza kalibu moja kwenye orodha, basi, sigusi kitu kingine. Nilijivunia sana mpango huo. Niliwaonyesha wenzangu kama mtu anayeonyesha picha za harusi.

Mwezi wa sita hospitali iliomba kitu kidogo. Kiwango cha damu cha mtoto mdogo kiko chini kuliko cha mtu mzima, kwa hiyo programu itofautishe. Nikaandika mstari mmoja: mgonjwa akiwa mtoto, kiwango kiwe hiki. Nilidhani nimeshika jibu la yule mtoto. Kumbe mahali pale, kabla ya kufyatua, nilichokuwa nimeshika ni klasi yenyewe. Nayo ikakubali kuandikwa, kompyuta haikunung'unika, kwa sababu kwake vyote ni vitu. Niliichonga kalibu, Dada, nikidhani nachonga tofali.

Matokeo yake ni kwamba akija mtoto saa tatu asubuhi, kila mtu mzima anayemfuata siku hiyo anapimwa kwa kiwango cha mtoto. Mwenye upungufu kidogo wa damu anaonekana sawa. Tarakimu yake inachapwa sahihi kabisa, nyota tu ndiyo haipo. Kila alfajiri kompyuta inazimwa na kuwashwa, klasi inaanza upya ikiwa safi, na asiyejua hawezi kuona kitu.

Mwanzoni mwa mwezi huu daktari wa upasuaji alikuwa anajiandaa kumpasua mama mmoja. Akamtazama viganja, akaona havimridhishi, akasoma karatasi upya na kuuliza nyota iko wapi. Upasuaji ukaahirishwa. Wakafukua majibu ya nyuma wakakuta watu kumi na tisa wa namna hiyo. Karatasi zote zilikuwa na sahihi ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni mpimaji mkuu wa maabara, tunamwita Mama Miwani kwa sababu ana miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na huwa anatafuta ya tatu. Amepima damu za watu miaka ishirini na miwili. Ijumaa ya tarehe 7 alipewa barua ajieleze mbele ya kamati kwa nini alitia sahihi bila kusoma. Kila mtu alijua maana yake ni kufukuzwa.

Jumatatu tuliombwa tuikague programu, kutimiza utaratibu tu. Nilifungua daftari langu, lile ambalo wenzangu hunicheka kwa sababu naandika humo hata siku niliyonyoa ndevu. Nikakuta hivi: "Jumatano, 3 Juni. Nimeweka kiwango cha watoto. Dakika ishirini. Nimejaribu mtu mzima, kisha mtoto. Vyote sawa. Mvua." Nilisoma mara mbili. Mtu mzima, kisha mtoto. Sikujaribu mtoto kwanza, kisha mtu mzima. Nikajaribu hapo hapo. Nyota haikutokea. Jibu la kwanza kati ya yale kumi na tisa lilikuwa la tarehe 4 Juni.

Nilimpelekea msimamizi wetu, yule tunayemwita Keshokutwa kwa sababu ndiyo siku anayoahidi kila kitu. Alisikiliza, akainuka, akafunga mlango.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi inatosha. Mkataba wetu na hospitali unakwisha mwezi wa kumi. Rekebisha, nyamaza."

"Na mama wa watu?"

"Sahihi ni ya nani pale? Yako? Miaka yote una mdomo kama umeshonwa, leo ndiyo umeamua kuwa kasuku?"

Nikarudi mezani kwangu. Sitakudanganya kwamba nilimbishia.

Nilirekebisha Jumatatu hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba kilichoniumiza ndicho kilichonisaidia. Kwa kuwa klasi ni kitu cha kushika mkononi, unaweza kuandika sehemu ya programu inayopokea klasi moja na kukurudishia nyingine mpya. Kwa hiyo sasa programu inaichukua klasi ya damu, inatengeneza kutokana nayo klasi ya watoto yenye kiwango chake, na ile ya kwanza inabaki kama ilivyokuwa. Mistari mitano. Siku nyingine ningefurahi. Nilifunga kompyuta nikashuka ngazi zote bila kuwaaga wenzangu.

Jumanne nilikwenda kazini. Jumatano nilikwenda kazini. Wifi yako aliniuliza nina nini, nikasema mgongo. Mama akanipaka dawa ya mgongo na kunisimulia habari za mgongo wa marehemu Baba, nami nikalala kifudifudi namsikiliza, uongo wangu unanukia chumba kizima.

Kuna jambo ambalo msimamizi halijui, wala kamati haikulijua. Programu ilipokuwa mpya, aliyewafundisha wapimaji kuitumia ni mimi. Mama Miwani alikuwa anasoma kila jibu kwa kidole, mstari kwa mstari, na foleni inarefuka. Mimi nikamwambia, mbele ya wenzake, "Mama, utazeeka hapo. We tazama nyota tu, mengine mwachie mashine." Wakacheka. Yeye naye akacheka, akaacha kutumia kidole.

Alhamisi kamati ilikaa saa nne, kwenye chumba cha mikutano chenye meza ndefu kuliko chumba. Nilibisha hodi sijaitwa. Nilikuwa na daftari kwapani. Niliwasomea ukurasa wa tarehe 3 Juni kama ulivyo, na mvua yake, nikawaeleza mtoto kwanza, mtu mzima baadaye. Mwenyekiti alitaka kuona kwa macho yake, tukateremka maabara, nikawawekea programu ya zamani kando wakaona nyota ikipotea. Kisha nikawaambia na habari ya kidole. Hiyo ilikuwa ngumu kutoka kuliko ile ya kwanza.

Walimfutia Mama Miwani shauri. Mimi wameniandikia onyo, na mkataba wetu watauamua wakati wake ukifika. Keshokutwa hasemi nami. Ananiachia vikaratasi mezani.

Nilimkuta Mama Miwani kwenye korido, amekaa kwenye benchi la wagonjwa, mkoba mapajani. Nilidhani atanishukuru, Dada. Nakwambia ukweli, nilikuwa nimeshaandaa na jibu la kusema si kitu.

"Fundi," akaniita, "hili ulilijua lini?"

"Jumatatu, mama."

"Na leo ni?"

"Alhamisi."

Akavua miwani ya machoni, akaifuta kwa upindo wa koti lake jeupe, taratibu, kioo kimoja, kisha cha pili.

"Siku zote hizo mimi sikula. Wewe ulikula?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia nilikula.

Akaitikia kwa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayethibitisha tarakimu aliyoitegemea. Kisha akasema kuna watu kumi na tisa huko nje wanaodhani damu yao iko sawa, na hawezi kuwapigia peke yake.

Tangu siku hiyo tunawatafuta. Ananisomea namba, mimi napiga. Hatuzungumzi mengine. Kila mmoja namweleza kwamba jibu lake lilitoka bila alama kwa kosa la programu, aje apimwe tena bila foleni. Wengine wanashukuru, mmoja alinitukana mpaka salio likaisha, mwanamume mmoja aliuliza kama hiyo ndiyo sababu hapandi ngazi siku hizi bila kupumzika. Mama Miwani akaichukua simu akamjibu yeye. Anasoma kwa kidole tena.

Tumewapata kumi na saba. Mmoja kati ya wawili waliobaki amehama na hakuna anayejua aliko. Mwingine ni mwanamke wa miaka thelathini na moja. Kwenye fomu aliandika namba ya simu ambayo sasa ni ya muuza nyama, na nyumba aliyoitaja iko mtaa wa pili kutoka kiwanda cha magodoro. Kesho sina zamu. Nitakwenda nyumba kwa nyumba. Mama Miwani amesema naye atakuja, si kwa ajili yangu, kwa sababu mimi sijui kumwambia mtu habari za damu yake.

Dada, sikuombi uniambie kwamba nilifanya vyema mwishoni. Wifi yako ameshasema hivyo. Nilitaka mtu mmoja anijuaye tangu utotoni azijue zile siku za katikati.

Mama anakusalimu na anasema usibebe vitu vizito. Wifi yako anakusalimu. Wanao wote wawili wanakusalimu, yule mdogo ameniagiza nikuandikie kwamba jino limetoka. Nisalimie shemeji, na yule mwenzako wa zamu aliyekufunika koti siku ile ya baridi.

Mungu aupe mkono wako nguvu na usingizi wako utulivu.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata akiwa hana la kujivunia,

Fundi