Maneno Mawili ya Kiranja

Jumanne, tarehe 4 Machi, saa tano kasorobo asubuhi, manyunyu. Nakuandikia nikiwa kwenye ngazi za hospitali, maana ofisini sithubutu kucheka.

Unamkumbuka Kiranja wa bweni letu, ambaye sasa ndiye mkuu wangu wa kitengo? Mwezi jana niliiandikia akili bandia yetu, inayowaita wagonjwa kliniki kwa ujumbe wa simu, maelezo ya zana inayotafuta wagonjwa kwenye hifadhidata: "Huleta wagonjwa wote, walio hai na waliofariki. Kabla ya kumwita yeyote kliniki, ondoa waliofariki."

Kiranja akafuta yote, akaandika yake: "Hutafuta wagonjwa." Basi! Akanicheka mbele ya watu: "Mwalimu wa chekechea wewe! Mashine ina akili, itajua yenyewe."

Itajua yenyewe!

Leo imewaita marehemu kliniki. Mganga mkuu ameusoma ujumbe kwenye simu ya mama yake, ambayo bado anaitunza: "Mama, usikose kesho. Usile chochote kabla ya kuja."

Usile chochote, ndugu yangu! Mama aliyezikwa mwaka juzi!

Mganga mkuu anataka aliyeandika maelezo hayo afukuzwe leo hii. Kiranja, shujaa wetu wa gwaride, akanivuta kando, jasho linamtiririka: "Mdogo wangu, sema ni wewe. Kazi hii nani alikuombea? Si mimi?"

Itajua yenyewe, alisema!

Nikamjibu: "Kaka, fadhila yako naikiri. Kwa uongo siilipi." Kisha nikaingia kwa mganga mkuu, nikamweleza nani aliandika nini.