Kurasa za Njugu

Mama yangu,

Shikamoo. Mdomo umezoea, na sitauzuia hata kama huwezi tena kuniitikia marahaba. Nakuandikia nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba na soksi pea mbili, hapa Guangzhou ambako baridi ya mwaka huu imekuja na mvua na haina habari ya kuondoka. Nyumba za huku hazina moto wa kupashia. Ungekuwepo ungesema, "Nchi gani hii, mtu unavaa koti kwenda jikoni?"

Nina jambo la kukueleza, maana mpaka sasa sijamaliza kustaajabu.

Unazikumbuka karatasi za njugu? Kwetu Ng'ambo muuza njugu alifungia njugu zake kwa kurasa za vitabu vilivyochakaa. Ukishazimimina kwenye sahani, unaikunjua karatasi, unainyoosha kwa kiganja, unanikabidhi. "Nisomee." Mie nimekaa juu ya kibao, wewe uko na chungu chako, nasoma kwa ile sauti ya darasani. Hadithi zenyewe zilianza katikati na kukatika katikati.

"Enhe, ikawaje?"

"Imekatika, mama."

"Haikatiki hiyo. Ngoja nionje chumvi."

Ukishaonja, unaimalizia mwenyewe, na kila hadithi yako iliishia kwenye sinia. Mwizi akikamatwa, watu wanakula. Wapenzi wakipatana, watu wanakula. Nilicheka mpaka nikapaliwa na njugu. Nikajiwekea moyoni kwamba mama yangu hajui kusoma, ila kumaliza hadithi hana mpinzani.

Na alasiri nilikuwa nakuona unaandika nyuma ya karatasi zile kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu ulizojifunza chuo cha Kurani ukiwa mtoto. Sikuuliza. Kwangu mie herufi zile zilikuwa za msahafu tu, basi nikajua unaandika dua.

Siku uliyofariki nilikuwa bandarini Huangpu, nasimamia mizigo ya watu wa Dar inapakiwa kwenye makontena. Simu ya Dada Zuwena ilipoingia ulikuwa umeshakoshwa, na kabla sijapata tiketi ulikuwa umeshazikwa. Baadaye dada akaniletea bati la biskuti, akalitia kwenye begi la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anakuja huku. "Mama alisema apewe Mwanaidi." Nikafungua, nikaziona karatasi zile, upande wa dua uko juu. Nikafunga papo hapo. Karatasi ya namna ile haikai chini wala haishikwi ovyo ovyo, wewe ndiye uliyenifunza. Nikaliweka bati juu kabisa ya kabati, na huko likakaa zaidi ya mwaka.

Nilisema ni heshima. Ukweli, mama, niliogopa. Lililonila moyo ni moja tu: kwamba uliondoka una kinyongo na mie, mtoto aliyekuwa akisimamia mizigo ya watu wakati mama yake anakata roho. Baridi ilipoanza nikaacha kupika. Vitabu nilivyokuja navyo nikaviacha vilivyo. Nikawa naishi kwa tambi za kumwagia maji ya moto, na hata hizo nilikuwa siwezi kuzimaliza.

Mwezi uliopita homa ikaniangusha. Jirani yangu Njeri, Mkenya wa Nairobi anayenunua viatu kule soko la Liuhua, akaja asubuhi na chai ya tangawizi. Akaangaza macho kutafuta cha kutafunia.

"Aki Mwanaidi, uko na biskuti na umezificha huko juu?"

Kabla sijafumbua mdomo ameshapanda kiti, bati liko mkononi. Nikamwambia aache, zile ni dua za mama. Yeye alikuwa ameshageuza karatasi, anasoma upande wa pili.

"Dua gani, bana? Hii ni stori ya polisi na mwizi. Na imekatwa tu penye ilikuwa inashika!"

Nikamnyang'anya, nikaigeuza nimwonyeshe dua yenyewe. Nikaanza kuifuata kwa kidole kama nilivyofanya chuoni, irabu kwa irabu. Ba. Si. Basi. *Basi mwizi akakamatwa.*

Mama, kilikuwa Kiswahili.

*Basi mwizi akakamatwa ana njaa, mwenye nyumba akamhurumia, akampa wali na pweza wa nazi. Pweza mkavu mroweke tangu alfajiri, umtwange mpaka alegee. Tui jepesi litangulie. Kasimile, lile tui zito, iingie mwisho, na usikoroge kwa pupa, itakatika.*

Nikachukua nyingine, nikachukua nyingine. Kila hadithi niliyoisoma ina mwisho wake, uleule uliokuwa ukinisimulia, na kila mwisho una chakula chake, na kila chakula kimeelezwa kinavyopikwa. Subhanallah! Mie nilidhani ndimi ninayekusomea, kumbe wewe ulikuwa unaniandikia kitabu kizima mbele ya macho yangu. Nilipomfasiria Njeri, akaketi kitandani na chai yake mkononi.

"Mathe yako alikuwa mwandishi, na hamkujua?"

Hatukujua. Nimeona aibu, na nimeona fahari, na sijui ipi ilitangulia.

Homa ilipopungua nilikwenda mtaa wa Yide Lu, nikapita maduka ya midoli na madaftari hadi kwenye vyakula vikavu. Pweza walikuwepo, wakavu kama wa kwetu. Laoban, yaani mama mwenye duka, akanionyesha kwa mikono kwamba wao humchemsha supu. Nilipomwambia nitamtia nazi akanitazama kana kwamba nimesema nitamtia sukari.

Nikapika nikiwa nimeegemeza karatasi yako kwenye chupa ya mafuta. Nilisoma sentensi, nikakoroga, nikasoma tena. Madirisha yakajaa mvuke. Njeri alikuwa ameapa kwamba kitu cha miguu nane hakitapita kooni mwake. Alipakua mara tatu. Na kasimile haikukatika, mama! Nilikula mpaka nikatoka jasho, katika baridi hii, na nikalia bila kuficha.

Tangu siku hiyo nasoma ukurasa mmoja kila siku na kupika nilichokuta nyuma yake. Leo nimefika wa mwisho kabisa, wa chini ya bati. Ni hadithi ya mwanamke anayerudi kwao baada ya safari ndefu, anasukuma mlango, na hapo inakatika. Nikaigeuza. Penseli imepauka, mwandiko umepinda, nadhani ni wa siku zako za mwisho. Hakuna chakula. Kuna mstari mmoja tu.

*Hii amalizie Mwanaidi, mie nimechoka.*

Mtu mwenye kinyongo haachii mtu hadithi yake. Nimekaa nayo tangu asubuhi. Nimeosha mikono, nimechonga penseli, na chini ya mwandiko wako, kwa herufi zako zilezile, nimeandika hivi:

*Akasukuma mlango, akamkuta mama yake amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. "Umechelewa," mama akamwambia. "Haya, nawa mikono, ule."*

Lala salama, mama. Nimeshanawa.

Kitinda mimba wako